Kujifunza uhifadhi mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: chanzo kipi kwa swali lipi

Fungua ramani ya miti ya dunia, ivute hadi Tandahimba au Newala, na utaona kijani kimetanda. Mgeni atasema hapa pana msitu. Mwenyeji anajua ile ni mikorosho. Sasa sogea hadi Liwale kwenye picha ya setilaiti ya mwezi wa Septemba: ardhi ni ya kahawia kama imekwanguliwa. Mgeni atasema msitu umekwisha, kumbe ni miombo iliyopukutisha majani, nayo itachipua upya hata kabla mvua hazijaanza.

Makosa hayo mawili ndiyo sababu ya ulinganisho huu. Mtandaoni yamejaa mafunzo ya bure kuhusu uhifadhi wa mazingira, na mengi ni mazuri kwelikweli. Lakini yalitengenezwa kwa ajili ya dunia nzima. Mwalimu wa Masasi, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji huko Kilwa, mvuvi wa Msimbati na mwanafunzi wa chuo aliyeko likizo Ruangwa wanahitaji kujua kila chanzo kinaona nini na kipofu wapi, kabla hawajakimalizia bando.

Kwa mwenye haraka, haya ndiyo kwa ufupi. Maelezo yenye uzito yako chini ya jedwali.

| Chanzo | Kizuri kwa | Kikwazo huku kusini | Bila intaneti |
|---|---|---|---|
| Global Forest Watch na Forest Watcher | Kufuatilia miti inayopotea | Hazitofautishi korosho na msitu | Forest Watcher, ndiyo |
| FIRMS | Moto wa siku hizi | Nukta si mahali halisi pa moto | Hapana |
| Google Earth | Kuhakiki kwa macho | Tarehe za picha hazilingani | Hapana, ila picha ya skrini |
| Global Mangrove Watch, Allen Coral Atlas | Mikoko, matumbawe, majani bahari | Ukanda mwembamba na maji ya tope | Hapana |
| iNaturalist | Kutambua mimea na wanyama | Viumbe wetu wengi hawajapigwa picha za kutosha | Kupiga picha ndiyo, kutambuliwa baadaye |
| Kozi za FAO na UN CC:Learn | Nadharia na cheti | Kiingereza | Baadhi ya kozi za FAO |
| Machapisho ya Kiswahili | Sheria na taratibu za kijiji | Nakala zilizopitwa na wakati | Ndiyo, ni PDF |

Misitu: ramani tatu zinazohitajiana

Global Forest Watch iko chini ya World Resources Institute na ilizinduliwa mwaka 2014. Takwimu zake za miti iliyopotea zinaanzia mwaka 2001, na hutayarishwa na Chuo Kikuu cha Maryland kutokana na picha za setilaiti za Landsat. Kila pikseli, yaani kimraba kidogo kabisa, ya ramani hiyo ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya eka. Kipimo hicho kishike vizuri, maana ndicho kinachoamua utaona nini. Shamba jipya la ufuta la eka tano lililofyekwa katikati ya msitu litaonekana. Mpingo mmoja au mkongo mmoja uliokatwa usiku na gogo lake likaburutwa hadi barabarani hautaonekana, kwa kuwa pikseli ile bado ina miti mingine imesimama. Msitu unaweza kumalizwa miti yake yote ya thamani na ramani ikabaki kijani. Kwa hiyo anayetaka kujifunza juu ya uvunaji haramu wa kuchagua asitegemee ramani hii. Hapo kinachofaa ni doria, hesabu ya visiki na daftari.

Jambo la pili ni maana ya neno lenyewe. Kwenye ramani hii mti ni mmea wenye urefu unaozidi mita 5, na usipobadilisha chochote inahesabu maeneo ambayo vivuli vya miti vimefunika walau asilimia 30 ya ardhi. Tanzania hutumia kipimo kingine: msitu ni eneo la angalau nusu hekta, miti yenye kufikia mita 3, na vivuli vinavyofunika asilimia 10. Miombo ya Nachingwea na Liwale ina sehemu nyingi zilizo wazi, na kwa kipimo cha asilimia 30 sehemu hizo hazihesabiwi kabisa, iwe zimekatwa au hazijakatwa. Nenda kwenye mpangilio wa tabaka la miti, shusha asilimia hadi 10, kisha linganisha takwimu za wilaya kabla na baada. Tofauti utakayoiona ni somo tosha juu ya jinsi tafsiri ya neno moja inavyobadilisha hesabu ya misitu.

La tatu, na hili ndilo huwaangusha wengi wanaoandika ripoti: rangi ya waridi kwenye ramani hiyo inamaanisha miti imetoweka mahali hapo. Haisemi imetowekaje. Mkulima wa Tandahimba anayeng'oa mikorosho mizee ili apande miche mipya ataonekana sawasawa na mtu aliyefyeka msitu wa asili. Shamba la miti la Rondo likivuna misaji iliyopandwa, nalo litaonekana hivyo hivyo. Moto mkali pia. Na usichore mstari mmoja kutoka 2001 hadi leo ukasema upotevu umeongezeka mara kadhaa, kwa sababu njia ya kuchambua picha iliboreshwa kwa takwimu za kuanzia 2011 na tena baadaye. Sehemu ya ongezeko hilo ni macho makali zaidi ya kompyuta. Linganisha miaka ya karibu kwa miaka ya karibu.

Hapo ndipo Google Earth inapoingia. Ukishapata alama ya waridi inayokutia shaka, nakili namba zake za GPS, zibandike kwenye Google Earth na uangalie kwa macho yako. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kama wanavyoshauri watafiti, huonekana kama madoa ya mviringo yaliyojipanga kwa mistari. Mashamba ya zamani ni magumu zaidi. Mengi yalipandwa kwa kubananisha, vivuli vikashikana, na kutoka juu yanafanana na msitu. Hapo tafuta ishara nyingine: mipaka iliyonyooka yenye pembe, vijia vinavyoelekea nyumbani, ardhi iliyopaliliwa chini ya miti ikionekana nyeupe kwenye mapengo. Msitu wa asili hauna kona kali, na rangi yake haifanani mahali pamoja na pengine.

Google Earth ina picha za zamani pia, na huduma yake ya mwendo wa miaka inaanzia 1984. Sharti moja: soma tarehe ya picha. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Ukilinganisha picha ya Machi 2012 na ya Septemba 2021 utaona "uharibifu" ambao ni kiangazi tu. Tafuta miezi inayofanana, na kama haipo, acha kulinganisha mahali hapo. Angalia pia kuwa picha moja kwenye skrini inaweza kuwa imeshonwa kwa vipande vya tarehe tofauti. Mstari ulionyooka unaotenganisha rangi mbili za msitu mara nyingi ndio mshono wenyewe.

FIRMS ya NASA ni ya moto peke yake. Nukta zake hutoka ndani ya saa tatu hivi tangu setilaiti ipite, na unaweza kujiandikisha ili upate taarifa kwa barua pepe kuhusu eneo ulilolichora. Kuna vihisi viwili vya kuvijua: MODIS, wenye pikseli ya kilomita 1, na VIIRS, wenye mita 375. Chagua VIIRS. Hata hivyo pikseli ya mita 375 ni karibu eka 35, na nukta unayoiona imewekwa katikati yake, popote moto ulipokuwa ndani ya eka hizo. Usimfuate mtu shambani kwake eti nukta imeangukia kwake. Moto unaweza kuwa wa jirani, au wa msituni ng'ambo ya barabara.

Saa nazo huchanganya. FIRMS huandika muda wa dunia, hivyo ongeza saa tatu. Ukiona 10:30, kwetu ni 13:30, saa saba na nusu mchana, na huo ndio karibu muda ambao VIIRS hupita. Hupita tena saa saba na nusu usiku. Moto uliowashwa alasiri na kuzimika kabla ya usiku wa manane unaweza usionekane kabisa, na mawingu huficha mwingine.

Kitu kingine ambacho ramani haiwezi kukuambia ni nia ya mwenye moto. Vijiji vinavyosimamia misitu yao huchoma mapema kwa makusudi, Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu. Moto huo ni mdogo, huacha mabaka yasiyoungua, na hupunguza nyasi kavu ambazo zingewaka kwa hasira Septemba na Oktoba, wakati moto unaua miche na kuunguza magome ya miti mikubwa. Kwa hiyo nukta kumi za Juni na nukta kumi za Oktoba si kitu kimoja. Mwalimu anayefundisha kwa FIRMS aifanye tofauti hiyo kuwa ndiyo somo lenyewe.

Kwa kamati ya kijiji yenye simu janja moja tu, pendekezo letu ni Forest Watcher, programu ya simu inayotokana na Global Forest Watch. Sababu ni kwamba inafanya kazi bila mtandao. Hatua zake ni hizi. Ukiwa mjini penye intaneti nzuri fungua akaunti, chora mpaka wa msitu wa kijiji (chora ule tu, usichore wilaya nzima, maana eneo kubwa hupakuliwa polepole na hujaza simu). Ingia kwenye programu kwa akaunti hiyo hiyo, pakua eneo, ramani ya chini na tahadhari za miti iliyopotea miezi ya karibuni. Kisha, kabla hujaondoka mjini, zima data na ujaribu kulifungua eneo. Hatua hii ya mwisho watu huiruka, halafu wanafika msituni na kukuta skrini tupu. Mkiwa doria, programu inawaongoza hadi kwenye alama, mnajaza fomu na kupiga picha, na taarifa inapanda mtandao ukipatikana. Chini ya miti minene GPS ya simu inaweza kukosea mita kumi au zaidi, kwa hiyo simameni mahali pa wazi dakika moja mbili hadi namba zitulie.

Bahari na mikoko

Wanaoishi pwani kutoka Kilwa hadi Msimbati wana vyanzo viwili vya kulinganisha. Global Mangrove Watch inaonyesha eneo la mikoko kuanzia 1996. Imetengenezwa zaidi kwa rada, ambayo hupenya mawingu, na hiyo ni faida kubwa pwani. Udhaifu wake ni kipimo cha mita 25 katika ramani za miaka mingi: ukanda mwembamba wa mikoko kando ya kijito hupotea, na haitofautishi mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Ukitaka kufundisha kwa nini mlilana husimama mbele baharini na mchu huvumilia chumvi ya nyuma, ramani haitakusaidia. Nenda na darasa maji yakiwa yamekupwa.

Allen Coral Atlas ilikamilisha ramani ya matumbawe ya dunia mwaka 2021. Inagawa sakafu ya bahari kwa aina: matumbawe na mwani, majani bahari, mwamba, vifusi, mchanga. Tazama hiyo ya kwanza vizuri: matumbawe na mwani vimewekwa pamoja. Mwamba wa matumbawe uliokufa na kufunikwa na mwani unaweza kupata rangi ileile ya mwamba ulio hai. Kwa hiyo ukiitumia kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 na iliyoanzishwa mwaka 2000, itakupa umbo na mahali pa matumbawe, lakini afya yake utaijua kwa mpiga mbizi. Karibu na mlango wa Ruvuma tope la mto hufanya maji yasionekane ndani, na ramani hapo si ya kuaminiwa kama ilivyo kwenye maji maangavu.

Kwa BMU, yaani kikundi cha jamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi, inayotaka kuchagua eneo la kupumzisha pweza au samaki, atlasi hii ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Ichapishe kwenye karatasi kubwa, kisha waacheni wavuvi wazee waandike juu yake majina ya miamba wanayoyatumia wao. Karatasi hiyo iliyoandikwa itakuwa bora kuliko ramani ya mtandaoni na bora kuliko kumbukumbu peke yake.

Kutambua mmea au mnyama

iNaturalist ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Berkeley, Marekani. Unapiga picha, unaiweka pamoja na tarehe na mahali, kompyuta inapendekeza jina, na watu wanaojua wanathibitisha. Kumbukumbu hupata daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wanapokubaliana hadi kwenye spishi.

Hapa kwetu kinachoharibika mara nyingi ni picha. Mtu anapiga mti mzima kutoka mbali, kijani juu ya kijani, na hakuna awezaye kuutaja. Kwa mti mmoja piga picha nne na uziweke pamoja kwenye kumbukumbu moja: jani upande wa juu na wa chini, namna majani yalivyojipanga kwenye kitawi, gome kwa karibu, na ganda au tunda kama lipo. Kwa mkongo, ganda ndilo linalomaliza ubishi: ni nene, gumu kama mbao, na ndani mbegu nyeusi zimevaa kofia nyekundu. Ukiipata picha hiyo moja, kutambuliwa ni jambo la siku chache.

Kuwa makini na pendekezo la kompyuta. Inapendekeza vizuri spishi zilizopigwa picha nyingi, na kwa Afrika nyingi kati ya hizo ni za Afrika Kusini, ambako watumiaji ni wengi. Mmea wa nyanda za Rondo au Makonde usio na picha za kutosha utapewa jina la ndugu yake wa mbali. Kama huna uhakika, rudi ngazi moja juu, uandike jenasi au familia tu. Wathibitishaji watashuka wenyewe.

Majina ya Kiswahili yana thamani na yana mtego. Mkongo wa Lindi ni mbambakofi kwa watu wengine wa pwani: mti ni mmoja, *Afzelia quanzensis*. Andika jina la kwenu kwenye sehemu ya maelezo kila mara, pamoja na la Kimakonde, Kimwera au Kiyao unalolijua. Mzee anayejua majina hayo hatatafutwa na mtu mtandaoni. Wewe ndiye unayemfikisha.

Kuhusu wanyama, kuna ulinzi muhimu kuujua. Spishi zilizo hatarini hufichwa mahali pake: nukta hutupwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, zaidi ya kilomita za mraba 400. Kwa hiyo ukiona nukta ya mnyama adimu imeangukia baharini, si kosa. Komba wa Rondo, mnyama mdogo wa takriban gramu 60, ni mfano wa kiumbe ambacho picha ya simu haisaidii sana: makomba hawa hutambulikana kwa mlio kuliko kwa sura. Rekodi sauti, iNaturalist inapokea sauti pia. Kwa ndege, Xeno-canto ni hazina ya milio iliyorekodiwa, nzuri kuisikiliza nyumbani kabla ya kwenda porini.

GBIF nayo hukusanya kumbukumbu za makumbusho na za watu kama wa iNaturalist mahali pamoja. Mwanafunzi anayeitumia akumbuke jambo moja: Nanyumbu kukosa nukta za spishi fulani hakuna maana kwamba spishi haipo. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kurekodi.

Kozi zenye cheti

Hapa uamuzi ni mwepesi. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ina chuo cha mtandaoni chenye kozi za bure za misitu, uvuvi, udongo na tabianchi, na baadhi zinaweza kupakuliwa zikasomwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao. UN CC:Learn, mpango wa mafunzo wa Umoja wa Mataifa, ina kozi za mabadiliko ya tabianchi, za bure, na cheti hutolewa ukipata walau asilimia 70 kwenye maswali. Coursera ina kozi za vyuo vikubwa, ila cheti chake kinalipiwa. Kuna maombi ya msaada wa ada yanayohitaji kuandika insha fupi na kusubiri wiki mbili hivi. Kwa mtu wa kwetu anayetaka cheti cha kuambatanisha kwenye maombi ya kazi bila kutoa pesa, aanze na FAO kama kazi yake ni misitu au uvuvi, na UN CC:Learn kama ni tabianchi.

Lugha ni Kiingereza, na huo ndio ukuta. Kozi za maandishi ni rafiki kuliko za video kwa sababu mbili: unaweza kusoma polepole na kutafsiri neno, na hazili bando. Saa moja ya video kwa ubora wa 360 hula takriban megabaiti 300, kwa 720 huvuka gigabaiti moja. Shusha ubora hadi 144 kwa mhadhara wa mtu anayeongea tu. Unachopoteza ni sura yake.

Kozi hizi zina nadharia safi, lakini hazitakufundisha kuandika mpango wa usimamizi wa msitu wa kijiji chako. Usikae miezi sita ukikusanya vyeti huku msitu wa jirani haujapimwa.

Machapisho ya Kiswahili, na sheria

Tunaamini hili ndilo eneo linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo lenye manufaa ya haraka zaidi kwa mjumbe wa kamati. Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, lililoanzishwa 1985, pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, waliendesha mradi wa MKUHUMI (kupunguza hewa ukaa inayotokana na ukataji na uharibifu wa misitu) huko Lindi na Kilosa kuanzia 2009, na machapisho yaliyotokana na kazi hiyo yanasomeka bure. Kule Kilwa, shirika la uhifadhi la MCDI limejenga uzoefu wa vijiji vinavyovuna mpingo na miti mingine kwa utaratibu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji chini yake ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kusoma jinsi vijiji hivyo vilivyofanya kunamfaa mtu wa Liwale au Ruangwa kuliko kozi ya Amazon, kwa sababu miti ni ileile, halmashauri zinafanana na sheria ni moja.

Namna ya kuyapata: usitafute kwa maneno ya jumla kama "mazingira". Andika "usimamizi shirikishi wa misitu", "sheria ndogo za msitu wa kijiji", "mpango wa usimamizi wa msitu" au "MKUHUMI", kisha ongeza PDF. Utashangaa kinachotokea.

Sheria mbili za msingi ni Sheria ya Misitu ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ukisoma maandiko ya msitu wa hifadhi ya ardhi ya kijiji, fuata mlolongo: halmashauri ya kijiji na kamati, kupima mpaka na kukagua rasilimali, kuandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kuzipeleka mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya kuzipitisha. Vijiji vingi hukwama kwenye kiungo cha mwisho. Sheria ndogo ambazo hazijapitishwa na wilaya hazina meno: mtu akikamatwa na magunia ya mkaa na kutozwa faini, anaweza kuipinga, na kamati nzima ikavunjika moyo.

Kasoro ya chanzo hiki ni umri. PDF haijui kwamba kanuni imebadilika. Viwango vya faini, mrabaha na taratibu za uvunaji hubadilishwa kwa kanuni na matangazo ya serikali, na mwongozo wa 2007 unaendelea kusambazwa WhatsApp kama wa jana. Kabla hujakiandika kiwango chochote ubaoni, tazama mwaka wa chapisho, kisha mwulize afisa misitu wa wilaya kama bado ndicho. Utaratibu wenyewe wa hatua haubadiliki haraka. Tarakimu ndizo zinazochakaa.

Kwa shule za msingi, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na somo la Jiografia na Mazingira ndilo mahali pake. Vitumie kama uti wa somo, kisha ramani moja ya wilaya yenu iwe mfano. Mtoto wa Mikindani akiiona Mikindani kwenye skrini, kitabu kinakuwa hai.

Kuandaa simu kabla ya kuondoka mjini

Mtandao wa Mtwara mjini, Lindi na Masasi unatosha kwa yote tuliyoyataja. Vijijini ndani ya Liwale au Nanyumbu hali ni nyingine, kwa hiyo pakua ukiwa mjini, kwa mpangilio huu. Kwanza Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, na faili ya Wikipedia ya Kiswahili: ya Kiingereza yenye picha ni zaidi ya gigabaiti 100, ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya hiyo na inaingia kwenye simu ya kawaida. Makala zake nyingi ni fupi, lakini kwa kuanzia jina la mnyama au mti zinatosha. Shule yenye kompyuta moja iangalie pia Kolibri, inayobeba masomo na kuyagawa kwa simu na kompyuta nyingine ndani ya darasa bila intaneti.

Pili, eneo lako kwenye Forest Watcher. Tatu, PDF zako, ukiwa umezipa majina yanayoeleweka: "sheria_ndogo_mfano_2013" ni bora kuliko "document(4)". Nne, picha za skrini za Google Earth zikiwa na tarehe yake inaonekana pembeni, usiikate. Tano, programu ya iNaturalist, ukiwa umeshaingia kwenye akaunti, maana kuingia kunahitaji mtandao hata kama kupiga picha hakuhitaji.

Angalia nafasi iliyobaki. Simu iliyojaa hukataa kuhifadhi picha katikati ya doria, tena bila kukuonya mapema. Acha gigabaiti mbili wazi, beba betri ya akiba, na punguza mwanga wa skrini. GPS na skrini angavu kwa pamoja vinaweza kumaliza chaji ya simu ya zamani kabla ya saa sita mchana.